Kaniama wakati wa kipwa: mboga zinaota mashamba yakilala



Juma hili hatuwaletei habari za mkutano wala za mchango. Tunawaletea habari za safari. Tulikuwa wanne, tuliotumwa na chama kutoka Kamina kwenda Kaniama katikati ya mwezi wa saba, kuangalia masomo ya bustani ambayo wamama wa kule wanafundishana kila kipwa. Mlitupa swali moja la kupeleka: je, na sisi tunaweza kufanya vile kwetu? Jibu mtalipata mwishoni. Kwanza tuwapeleke huko.

Tulipanda lori lililokuwa linaenda kuchukua mahindi, tukakaa juu ya magunia matupu. Anayejua barabara ya taifa namba 1 wakati wa kipwa anajua vumbi lake. Tulifunga vitambaa mpaka puani, na bado tulifika na nyusi nyekundu kama za wazee waliopakwa rangi. Pande zote nyasi zilikuwa zimeungua. Moto wa pori ulikuwa umepita, ukaacha miti myeusi na majivu. Kijani kilionekana mahali pamoja tu, chini mabondeni, kando ya vijito, pale msitu unapofuata maji kama mstari. Mmoja wetu alisema: “Yaya, angalia vizuri. Maji hayajakwisha, yameshuka tu.” Wakati ule tulicheka. Baadaye tuliona kwamba neno lile lilikuwa somo la kwanza.

Kaniama ni mji wa reli na wa mahindi. Reli ilimalizika mwaka 1928, ikaunganisha Bukama na Ilebo, ambayo wakati ule iliitwa Port-Francqui. Tangu hapo watu wa Katanga na wa Kasai wanapita Kaniama, na wengine wanashuka wakabaki. Ndiyo maana sokoni utasikia Kikanyok, Kiluba, Tshiluba na Kiswahili kwa mama mmoja muuza chumvi, kwa dakika moja. Kutoka hapo mpaka Luputa na Mwene-Ditu ni njia moja. Wataalamu wa mimea nao wanaijua nchi hii tangu zamani: mwaka 1954 W. Mullenders alichapisha kitabu kizima juu ya mimea ya Kaniama, nchi iliyo kati ya mito Lubishi na Lubilash. Na mtu wa Kinshasa leo akisikia jina la Kaniama anafikiri Kaniama-Kasese, kituo cha Service National, ambako vijana wanaoitwa kuluna wanapelekwa tangu mwaka 2020 kufundishwa kazi, na kazi kubwa ni kulima mahindi.

Kwa hiyo ukisema Kaniama, umesema mahindi. Yanaondoka kwa treni, kwa lori, na kwa velo ambazo vijana wanazisukuma kwa mikono siku nyingi, magunia yamefungwa juu, mpaka Mbuji-Mayi ambako watu wanachimba almasi na wanahitaji kula. Lakini tulipokaribishwa chakula jioni ya kwanza tuliona jambo ambalo hatukulitegemea. Bukari ilikuwa nzuri, nyeupe, ya kutosha. Pembeni kulikuwa na kijiko kimoja cha samaki wadogo na chumvi. Mboga hakuna. Mwenye nyumba aliona macho yetu, akasema bila haya: “Ni kipwa, wamama. Mboga ya sokoni imepanda bei. Mahindi tunayo, tunakula mahindi.”

Hapo tulielewa kwa nini masomo haya yalianza. Mahali panapolisha miji mingine panaweza kukosa mboga ya kutia katika sahani ya mtoto wake. Mahindi yakivunwa yanageuka pesa, na pesa ina wenyewe: mfanyabiashara, shule, deni, na mara nyingi baba. Mboga ni kitu kingine. Mboga iko mkononi mwa mama kila siku, na isipokuwepo, ni yeye anayeulizwa.

Masomo yanafanyika mara mbili kwa juma: kazi mbili jioni, na posho asubuhi. Sisi tulifika kwa somo la posho. Tulishuka bondeni saa kumi na mbili na nusu, baridi ya kipwa bado inauma, mvuke unatoka kinywani. Wanafunzi walikuwa zaidi ya ishirini: wasichana wasioolewa, wamama wenye watoto mgongoni, bibi wawili, na wavulana watatu ambao walikuwa wanasimama mbali kidogo kama waliopotea njia. Walimu ni watano, wamama wanne na mzee mmoja aliyestaafu kazi. Hakuna anayelipwa. Wote ni watu wanaolima bustani zao wenyewe palepale bondeni, na siku ya somo wanaacha matuta yao kwa saa mbili.

Mwanafunzi halipi pesa, lakini kuna sheria moja. Siku ya kwanza anapewa mbegu ya lengalenga, kiasi cha kifuniko kimoja cha chupa. Mbegu ni ndogo sana, kifuniko kimoja kinatosha tuta zima. Mwisho wa kipwa anaacha mimea michache izeeke, anakausha vichwa vyake, anapiga, anapepeta, anarudisha vifuniko vitatu. Kimoja ni cha deni. Cha pili ni cha mwanafunzi mpya. Cha tatu ni cha jirani ambaye yeye mwenyewe atamfundisha. Asipomleta jirani, hawamfukuzi, ila wanamuuliza kila posho: “Mwenzako yuko wapi?” Mama mmoja alituambia kwamba swali lile linachoma kuliko faini.

Somo la siku ile lilianza na tuta. Mwalimu, mama mfupi mwenye sauti ya kuita mbali, alisimama na jembe akauliza: “Wakati wa mvua tunafanya tuta namna gani?” Wote walijibu: tunalipandisha juu. “Kwa nini?” Ili maji yatoke, mizizi isioze. “Na sasa mvua iko wapi?” Kimya. Ndipo akachimba tuta kinyume: akatoa udongo wa juu akauweka kando, akashusha tuta chini kwa upana wa kiganja, akarudisha udongo mzuri uliochanganywa na samadi ya mbuzi, akaacha kingo zimesimama pembeni kama za sahani. “Mvua ikiwepo, tuta linapanda. Kipwa kikiingia, tuta linashuka. Maji ya kipwa ni ya kubeba kichwani, hatuyaachi yakimbie.” Sisi wanne tuliangaliana. Miaka yote kwetu tunapandisha matuta mwaka mzima, tunamwagilia, maji yanateremka njiani, tunalalamika kwamba udongo wetu ni mbaya. Alieleza pia kwamba chini kabisa, karibu na kijito ambako udongo bado umelowa, tuta linabaki juu. Inafaa kuangalia mguu wako: ukikanyaga na maji yakatokea, pandisha, ukikanyaga na vumbi likatokea, shusha.

Samadi nayo ilikuwa na somo lake. Samadi mbichi inaunguza miche, kwa hiyo wanairundika pamoja na majani makavu na majivu kidogo, wanailowesha, wanaigeuza, na wanangoja mpaka moto wake utoke. Namna ya kujua ni kuingiza fimbo katikati ya rundo na kuiacha kidogo. Ukiitoa na bado ina joto, ngoja. Ikiwa baridi, na rundo linanuka udongo, peleka tutani.

Kupanda lengalenga kulitufurahisha. Ninyi mnajua vile mbegu zake zinavyoshikamana na vidole, zinamwagika mahali pamoja, halafu zinaota kama manyoya. Wanachanganya kifuniko kimoja cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, ndipo wanamwaga katika mistari. Juu yake udongo mwembamba sana, halafu nyasi kavu mpaka siku mbegu zitakapochipuka. Baada ya majuma matatu au manne unaanza kuvuna, kwanza kwa kung’oa zile zilizosongamana, ndiyo chakula cha kwanza, halafu kwa kukata juu ili shina litoe matawi mengine. Palikuwa na kicheko kuhusu majina. Msichana aliyekulia Kinshasa aliiita bitekuteku, mwingine aliyekaa Tanzania alisema mchicha, na walipofika kwenye sombe ikawa ubishi zaidi, kwani wa Kasai walisema matamba na yule wa Kinshasa akasema pondu. Mzee mwalimu alikata shauri: “Sufuria haiulizi jina.”

Jambo zito la kipwa ni maji. Bondeni wamechimba visima vidogo, wakaviwekea kingo za udongo na vifuniko vya miti, kwa sababu watoto wanacheza pale. Walimu hawafichi ugumu wa kazi. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 linakunywa bido moja ya lita 20 asubuhi na nyingine jioni, udongo ukiwa wazi kwa jua. Lakini wakiufunika udongo kati ya mistari kwa nyasi kavu, unene wa vidole vinne, bido moja kwa siku inatosha. Mwalimu aliwahesabia wanafunzi: mama mwenye matuta matatu, nyasi zile zinamwondolea bido tatu kila siku, ndizo kilo 60 za maji ambazo shingo yake haitazibeba. Mvulana mmoja kati ya wale watatu, ambaye alikuwa amesimama mbali, alisogea aliposikia hivyo. Tuliambiwa kwamba nyumbani kwao kubeba maji ni kazi yake.

Kisha tulifika kwenye tuta la nyanya, na hapo somo liligeuka. Nyanya za mama mmoja kijana zilikuwa zimelegea. Majani bado ya kijani, hayana doa, lakini mmea umeinama kama mtu aliyezimia. Mama yule alikuwa anazimwagilia mara tatu kwa siku kwa siku nne. Alisema polepole: “Nimebeba maji mpaka nimechoka, mama. Zinakufa zikiwa zimeshiba.” Mzee hakumjibu mara moja. Alikata shina moja karibu na mizizi, akaomba glasi ya maji safi, akaining’iniza sehemu iliyokatwa ndani ya maji bila kuitikisa. Tulisubiri. Baada ya dakika chache uzi mweupe ulianza kushuka kutoka kwenye shina, kama maziwa yanayodondoka ndani ya chai isiyokorogwa.

“Huu ni ugonjwa wa udongo,” alisema. “Unaziba mishipa ya nyanya. Maji hayapandi hata umwage kijito kizima. Wewe hukukosa kitu.” Alieleza kwamba hakuna dawa ya kumwaga. Mimea yote iliyolegea inang’olewa na mizizi yake, inachomwa mbali na maji, na jembe linaoshwa kabla ya kwenda tuta lingine. Mahali pale, kwa miaka kadhaa, hapapandwi nyanya wala ndugu zake: biringanya, pilipili, viazi ulaya. Panapandwa mahindi, au vitunguu, au shu. Mama kijana aliuliza: “Na kipwa hiki nitakula nini?” Wenzake hawakungoja mwalimu. Mmoja alisema nina miche ya shu iliyobaki. Mwingine alisema chukua matembele, kata vikonyo kwangu, vinaota hata kwa mtu mvivu. Kabla jua halijapanda tuta lile lilikuwa limesafishwa na limepandwa upya.

Tulimuuliza mzee baadaye alikojifunzia mambo ya glasi. Alicheka. Alisema alipoteza nyanya zake kwa vipwa viwili akidhani amerogwa, na alikuwa tayari amemkasirikia jirani yake. Ndipo mtu mmoja wa kilimo aliyepita pale akamwonyesha uzi mweupe. “Nilikwenda kwa jirani, nikamwomba msamaha, na nikamwonyesha na yeye. Tangu siku ile ninafundisha. Siwezi kungoja mpaka watu wagombane sababu ya nyanya.” Katika mji ambao watu wa makabila mengi wanaishi ua kwa ua, na ambao umeona magumu ya nchi yetu yakipita na treni, neno lile si dogo.

Saa nne walipika. Mawe matatu, sufuria moja, lengalenga iliyooshwa mara tatu, karanga zilizotwangwa, kitunguu, chumvi, na maharagwe yaliyopikwa tangu usiku. Majani yaliingia mwisho, yakakaa kwa muda mfupi tu ili yasipoteze nguvu yake. Mwalimu wa mapishi alisema na wamama wenye watoto wadogo kwa upole lakini wazi. Bukari peke yake inajaza tumbo bila kujenga mwili. Mtoto anayekula bukari na chumvi miezi mingi anaweza kuvimba miguu na uso, nywele zikabadilika rangi, na watu wakasema amenenepa, kumbe anaumwa. Majani ya kijani yanalinda macho na damu. Maharagwe na karanga vinajenga nyama ya mwili. Vyote viwili vinatakiwa, kimoja hakishiki nafasi ya kingine. Aliongeza jambo ambalo lilitupendeza: “Mtoto aliyekwisha kuvimba, usimlete kwangu bustanini. Mpeleke kituo cha afya leo, si kesho. Bustani ni ya kumzuia asifike kule.”

Msidhani kwamba kila kitu kule ni kizuri. Jioni, tulipokaa na walimu, walituonyesha ng’ambo ya kijito sehemu pana yenye matuta mazuri, na hakukuwa na mwanafunzi hata mmoja juu yake. Pale ndipo masomo yalipoanzia. Udongo wake ulikuwa mbaya, umejaa mizizi ya nyasi ndefu, na mwenye bonde aliwapa kwa mdomo, mbele ya watu, kwa moyo mwema. Wamama waling’oa mizizi, wakabeba samadi vipwa viwili, udongo ukawa mweusi. Kipwa cha tatu walikuta mtu mwingine ameweka alama. Aliyewapa alisema alikuwa amewakopesha tu, hakuwa amewapa. Hakuna karatasi, hakuna shahidi aliyekubali kusema. Mama mmoja alituambia: “Hatukulia sababu ya ardhi. Tulilia sababu ya samadi. Tuliibeba kwa vichwa vyetu.”

Mahali pa sasa wameandika. Karatasi moja tu ya daftari, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: nani anatoa, nani anapokea, kwa miaka mingapi, mipaka inaanzia mti gani na kuishia jiwe gani, na kama mwenyewe akitaka kurudishiwa, atangoje mavuno na atoe taarifa kipwa kimoja mbele. Mwenye bonde ametia saini, mkuu wa kijiji ametia muhuri, mashahidi ni wanne. Na chini kuna majina ya wamama wenyewe, mmoja mmoja. Hawakuandika majina ya waume zao.

Tunawakumbusha hapa mambo mawili ya sheria ambayo kila mama anafaa kuyajua. La kwanza: kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, na watu wanapata haki ya kuutumia. Lakini vijijini, mambo mengi ya kila siku yanaendelea kwa desturi na kwa neno la chifu. Ndiyo maana neno la mdomo linafaa lisimamiwe na karatasi na mashahidi. La pili: sheria ya familia ilirekebishwa mwaka 2016, na tangu hapo mama aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume wake ili atie saini mkataba kwa jina lake mwenyewe. Wengi wetu bado tunaambiwa kinyume, hata na watu waliosoma. Kuzungumza na mume ni vizuri, na nyumba inajengwa kwa kusikilizana. Lakini karatasi ya tuta lako inaweza kubeba jina lako.

Katika lori la kurudi tuliongea sana juu ya wale walimu watano. Kwa nini wanafanya bure? Tulikumbuka kwamba si wao wa kwanza. Kuanzia mwaka 2000, Serikali yetu na FAO, kwa msaada wa Ubelgiji, waliendesha kazi ya bustani za mijini Kinshasa, Lubumbashi, Likasi, Kisangani na Mbanza-Ngungu, na wakulima walijifunza palepale kwenye matuta kwa kuangalia mimea pamoja, bila kukaa darasani. Huko Kenya, Mama Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na wamama wa vijijini, wengi bila cheti chochote, walifundishana kuotesha miche, kundi moja likifundisha lingine. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Wengine walishangaa wakati ule: miti na amani vinahusiana wapi? Sisi tuliomsikiliza yule mzee na glasi yake ya maji hatushangai tena.

Miradi inakuja na inaondoka. Gari linafika, linapiga picha, linarudi. Kinachobaki ni kile ambacho jirani alikiweka mkononi mwa jirani. Mwalimu wa Kaniama anaishi palepale anapofundisha. Akikosea, wanafunzi watamwona kesho kisimani. Nyanya zako zikilegea siku ya kazi tatu, huna haja ya kungoja mtaalamu wa mwezi ujao, unapiga hodi.

Basi, jibu la swali lenu. Ndiyo, tunaweza. Mabonde tunayo, mbuzi tunao, na wamama wanaojua kulima tunao wengi katika chama hiki kuliko tunavyosema. Lakini tunaleta masharti matatu, na tunawaomba myazungumze nyumbani kabla ya mkutano.

Kwanza, karatasi itangulie jembe. Hatutang’oa hata nyasi moja kabla ya saini, muhuri na mashahidi.

Pili, maji yawe karibu. Tutapima kwa miguu: kutoka kisimani mpaka tuta la mwisho isizidi hatua 40. Zaidi ya hapo, wale wenye mimba na bibi zetu watashindwa, na masomo yatabaki ya wenye nguvu tu.

Tatu, kila atakayefundishwa akubali kufundisha. Asiyetaka mzigo huo anaweza kuja kununua mboga, tutamkaribisha vizuri.

Kuhusu majira: kipwa hiki hatujachelewa kwa lengalenga, ngaingai na matembele, ambazo zinaliwa mapema kabla mvua za mwezi wa tisa au wa kumi hazijashika. Kwa shu na nyanya, kitalu kinatakiwa kiwe tayari mwezi wa nne au wa tano, mvua zikiwa zinaaga. Vitunguu vinahitaji miezi minne mpaka mitano, kwa hiyo kitalu chake kinaanza mwezi wa tatu mwakani. Andikeni ukutani, jikoni.

Siku ya kuondoka, yule mama wa nyanya alitufuata mpaka kwenye lori. Alikuwa na kitu amekifunga kwenye pembe ya kitambaa. Ilikuwa mbegu ya lengalenga, vifuniko vinne, kimoja kwa kila mmoja wetu. Tulimwambia, mama, wewe mwenyewe umepoteza tuta zima, baki nazo. Alikataa. “Hamkuja kuchukua zawadi,” alisema. “Mmekopa. Sasa ninawauliza: wenzenu wako wapi?”

Vifuniko vile vinne viko kwenye meza ya mwandishi wa chama. Siku ya posho ijayo, baada ya mkutano, tutavigawa. Kuja na chupa tupu, na kuja na jirani.

Ni sisi wanne mliotutuma.